Nguo za Kiume Monasterini

Monasteri ya Poggio Secco, nje ya Pistoia
8 Januari 1579

Kaka Baccio,

Salamu kwako na kwa wifi Tessa. Nasikia mimba inaendelea vizuri, na kwamba umeshamchongeshea mtoto upanga wa mbao. Akitoka wa kike, huo upanga utacheza nao mwenyewe.

Nina ombi. Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima tunafanya mchezo wetu kama kawaida, na safari hii Mama Mkuu kaniruhusu niuandike mimi. Miaka yote nimekuwa malaika wa tatu kutoka kushoto. Mwaka huu mimi ni nahodha wa jeshi! Namsaka binti wa gavana aliyetoroka kwao kwa sababu ni Mkristo na hataki kuabudu sanamu. Kavaa nguo za mtumishi wa kiume na anapita mbele ya pua yangu nisimjue. Kwa hiyo naomba koti lako jeusi la mahameli, suruali zile zilizovimba mapajani, soksi ndefu, upanga, kofia yenye unyoya, na buti. Buti ziwe za kutembea, si za kujishaua. Naomba pia nguo zako za ujanani, zile za kijani, kwa ajili ya huyo binti. Ataigiza Sista Lena, unamjua alivyo mfupi. Kina Tonfanelli wameshatuma za dada yao, mahameli nyekundu tupu. Usiniaibishe.

La pili ni Ginevra. Kaka, mwanao analia humu ndani. Umesema baada ya Pasaka avishwe shela awe mmoja wetu, naye anasema hataki. Anakwambia kila ukija kwenye dirisha la chuma la wageni. Mama mkubwa wake Cassandra, dada wa marehemu mke wako, yuko tayari kumpokea kwake mjini Lucca na kumfundisha kazi ya hariri. Mtoto ana miaka kumi na mitano na hajaweka nadhiri yoyote. Mwache aende, nakuomba.

Dada yako,
Sista Gostanza


Pistoia, 14 Januari

Betta,

Jina la Gostanza ulipewa humo ndani. Kwangu wewe ni Betta, na Betta namjua tangu alipokuwa akiiba zabibu kavu na kumsingizia paka.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Machale yananicheza. Buti za kutembea? Kutembea kwenda wapi? Mtu wa monasteri anatoka kitandani anakwenda kanisani, anatoka kanisani anakwenda mezani. Malaika wa tatu hakuwahi kuniomba viatu. Mwaka juzi huko bondeni sista mmoja aliomba nguo za kaka yake kwa ajili ya mchezo, akazivaa, akaenda zake. Mpaka leo familia yake inapita vichochoroni. Usinifanye mtoto mdogo, Betta. Niambie ukweli.

Kuhusu Ginevra jibu ni lile lile. Kumwoza dada yake Maddalena kumenikausha, na huku kwetu baba ndiye anayetoa, hakuna mchumba anayekujia na mahari mkononi. Sitaki hata kusikia habari za Cassandra. Mwanamke mjane anaendesha vitanda vya kufumia hariri, anapatana bei na wanaume, anakunywa mvinyo nao! Ginevra atavishwa shela na atazoea. Wewe pia ulilia, na ukazoea.

Kaka yako,
Baccio


Poggio Secco, 17 Januari, Sikukuu ya Mtakatifu Antoni

Kaka yangu mwenye wasiwasi,

Loo! Nilipofika pale pa "kutembea kwenda wapi" nilicheka mpaka Sista Lena akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa. Jukwaa letu ni mbao zilizopakwa nta, na buti za kujishaua zinateleza. Unataka nahodha aanguke chali mbele ya mama zao kina Tonfanelli?

Hujui tunavyohangaika humu. Unadhani kuigiza mwanaume ni suruali na ndevu za manyoya ya mbuzi? Ndevu ni kazi ya asubuhi moja. Nimeanza kuwafundisha kukaa kama nyinyi, magoti huko na huko, kama vile benchi zima ni urithi wenu. Nimewafundisha kuingia chumbani bila kuangalia nani yumo. Kilichotushinda ni macho. Sisi tangu utotoni tunafundishwa kutazama chini, na mtu anayetazama chini hata umvike deraya ya chuma ni mwanamwali tu. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula tunasimama wawili wawili tukikodoleana macho. Wa kwanza kuinamisha uso anaosha sufuria. Mimi siku hizi sigusi sufuria.

La Ginevra nimelisikia. Sitalitaja tena.

Na eti, lango la jiji la upande wa Lucca linafungwa saa ngapi siku hizi? Nahodha anataka kuliwahi, nami sitaki kuandika uongo.

Dada yako,
Gostanza


Pistoia, 25 Januari

Kwa Mheshimiwa Mama Mkuu wa Poggio Secco

Mama Mkuu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na aibu, maana ni damu yangu. Dada yangu Gostanza ameniomba nguo za kiume za kipimo chake na buti za safari, na sasa anauliza lango la Lucca linafungwa saa ngapi. Mimi si wa leo wala wa jana. Naona hapa kuna namna.

Nguo nimezituma, kwa sababu kina Tonfanelli wametuma mahameli na sitaki dada yangu apande jukwaani kama muuza kuni. Lakini nakusihi umwekee watu wenye macho. Siku ya mchezo asiachwe peke yake hata kidogo. Mimi mwenyewe nitakuja, nitakaa karibu na dirisha la chuma, na sitamwondolea macho yule nahodha. Mchezo ukiisha, nguo zangu zitoke na sanduku langu siku hiyo hiyo. Nitasubiri langoni.

Kwa heshima,
Baccio wa Lapo


Poggio Secco, 30 Januari

Bwana Baccio,

Barua yako nimeipata. Sista Gostanza ana ulimi mrefu na anatembea haraka kuliko inavyompasa mtawa, lakini sijawahi kumshuku. Sasa umenitia wasiwasi nami, na nakushukuru kwa hilo kadiri ninavyoweza.

Kuanzia kesho atafuatana na masista wawili kila aendako. Mmoja ni Sista Dorotea, bawabu wetu, ambaye hakuna sindano inayopita langoni asiione. Siku ya mchezo langoni atakaa Sista Agnola badala yake. Ni mzee na ana mtoto wa jicho, ila siku hiyo watakaotoka nje ni vijana wa majumbani wanaokuja kubeba masanduku tu. Masanduku hayaenei kwenye pipa la ukutani tunalopitishia vitu, na mlango hatuna budi kuufungua.

Binti yako ametulia. Halii tena. Kwenye mchezo hayumo, kazi yake ni kukunja nguo na kupanga masanduku. Tunaona ni dalili njema.

Mama Veronica


Poggio Secco, 20 Februari

Baccio,

Nguo zilifika. Koti linanuka mvinyo na wewe.

Na nimeletewa zawadi nyingine ambayo sikuiomba, Sista Dorotea na mwenzake. Nikienda kanisani wapo. Nikienda bustanini wapo. Nikienda chooni wanasimama nje wanasali rozari kwa sauti. Jana usiku nilikohoa, Dorotea akaamka akauliza nakwenda wapi. Nani aliyenifanyia hivi? Usijibu. Najua mwandiko wa roho yako hata bila kuona barua.

Nimekukasirikia, kaka, nakwambia wazi. Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponishika mkono kuniingiza kwenye lango hili kwa niaba ya baba. Ulisema twende tukaone kanisa zuri. Nilikuamini. Leo wewe ndiye huniamini mimi.

Njoo uone mchezo. Kaa mbele. Nitakutazama machoni, tuone nani ataosha sufuria.

Gostanza


Pistoia, 27 Februari

Betta!

Ziko wapi?

Usijifanye hamnazo. Jana nimekaa dirishani mwanzo hadi mwisho, nimekukodolea macho mpaka yakanitoka machozi. Nakiri ulinifurahisha. Ulipopandisha buti juu ya kiti na kunguruma, Bwana Tonfanelli aliniuliza kama kweli ni mwanamke yule. Na pale nahodha anapompa binti wa gavana hatamu za farasi amshikie, huku akimuuliza kama hajamwona binti wa gavana, nilicheka hadi nikaaibika. Nahodha mpumbavu namna gani! Nilitaka kupiga kelele nikuambie ni huyo hapo, bwege wewe.

Mchezo ulipoisha sikutazama kitu kingine. Nikakimbilia langoni. Nilisimama pale kwenye baridi, nikihesabu kila sketi na kila shela kwa ndani, kuhakikisha nahodha hatoki. Hakutoka. Wakatoka vijana na masanduku. Sanduku langu lililetwa na kijana mmoja mwembamba sana, akalibeba peke yake mpaka kwenye nyumbu na kulifunga kamba vizuri bila kuambiwa. Nikamuuliza ni wa nyumba gani, akanitazama usoni bila woga akasema, "Ya mbali kidogo, bwana." Nikapendezwa naye. Nilikuwa na berlingozzo, ile keki ya sikukuu, mfukoni, bado ya moto kidogo, nikamkatia kipande. Nilimwambia kwamba mke wangu Tessa akinizalia wa kiume, nataka awe kama yeye. Akainama, akashukuru, akaenda zake na wenzake.

Nimefika nyumbani nikiwa na furaha. Nafungua sanduku: mahameli ipo, upanga upo, unyoya upo. Nguo za kijani hazimo! Buti nazo hazimo! Ndipo nikaelewa. Umenipiga changa la macho. Ulijua nitaangalia nguo za nahodha, ukaficha zile nyingine. Unangoja niondoke, walinzi walegee, uvae za kijani na buti zangu, ushike njia ya Lucca. Suruali za ujanani zitakubana, lakini wewe ukitaka jambo hujali kubanwa.

Nimemwandikia Mama Mkuu apekue chumba chako leo hii, godoro, sakafu na paa. Nimeweka watu wangu barabarani kuizunguka Poggio Secco pande zote. Hutoki.

Baccio


Poggio Secco, 28 Februari

Bwana Baccio,

Tumepekua chumba cha Sista Gostanza jana mchana kutwa na asubuhi hii, masista wote tisa wenye nguvu, kama ulivyosisitiza. Tumepata buti zako chini ya kitanda. Tumepata pia zabibu kavu. Nguo za kijani hazipo.

Katika pilika hizo hakuna aliyekwenda kumwangalia binti yako. Tangu Alhamisi tuliambiwa amelala na homa, na Sista Lena ndiye aliyekuwa akimpelekea mchuzi. Asubuhi hii nimefunua shuka mwenyewe. Kitandani kulikuwa na mto wa kanisani na shela iliyokunjwa vizuri.

Sista Gostanza yuko chini ya kufuli. Ameomba akuandikie, nami nimemruhusu, kwa sharti kwamba niisome.

Mama Veronica


Poggio Secco, 6 Machi

Kaka Baccio,

Ginevra yuko Lucca. Anakula, analala, hajaguswa na mtu. Kijana wa dukani kwa Cassandra alimngoja kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko la Pistoia akiwa na punda wawili, na kabla lango halijafungwa walishalipita. Lucca ina serikali yake na hukumu zake. Mtoto hajavunja nadhiri, kwa sababu hakuwa nayo. Aliyevunja ni mimi. Niliahidi utii nikatii nilichotaka. Adhabu yangu ni kwamba hakuna mchezo tena Poggio Secco, wala wino kwangu baada ya barua hii. Sista Lena anaosha sufuria mpaka Pasaka. Hajuti, na ananisalimia kwa kunikonyeza.

Sasa nikuambie jinsi tulivyofanya, maana najua hulali. Ulidhani nilikosea kuandika "buti za kutembea"? Ulidhani mtu anayetaka kutoroka anamuuliza kaka yake lango linafungwa saa ngapi? Yesu na Maria, Baccio! Nilikuwa nakuvuta kwa kamba. Nilikuwa nalo tatizo moja tu, nalo ni Sista Dorotea langoni. Hata nzi akitoka lazima amuulize anakwenda wapi. Nilijua nikikutia shaka ya kutosha utamwandikia Mama Mkuu, na Mama Mkuu hana jicho zuri kuliko la Dorotea la kunilindia. Uliniondolea bawabu mlangoni wewe mwenyewe, kwa hati yako. Kisha kwa upekuzi wako ukanipa siku mbili zaidi, na watu wako wote ukawaweka kuzunguka ukuta ninaokaa mimi.

Sista Lena alipotoka jukwaani alivua nguo za kijani zikiwa na joto lake, Ginevra akazivaa pale pale nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nanguruma kwenye onyesho la mwisho ili msisikie chochote.

Kijana mwembamba aliyekufungia kamba ni mwanao.

Haikuwa kwenye mpango. Alitakiwa abebe sanduku la kina Tonfanelli. Alipokuona langoni aligeuka ili arudi ndani; hayo ameniandikia Cassandra baadaye. Lakini ukampungia mkono, ukamwita, "Wewe kijana, hilo hapo ni langu." Akalichukua. Unajua kwa nini hukumtambua? Si suruali. Umemtazama mara nyingi dirishani akiwa ameinamisha kichwa, akiomba. Alhamisi alikutazama machoni. Binti yako hajawahi kukutazama machoni maisha yake yote, kaka, na wewe ulipotazamwa hivyo ukadhani ni mtoto wa kiume. Ukapendezwa. Ukamwambia unataka mtoto kama yeye.

Nimeandika mchezo wa kuchekesha kuhusu nahodha mpumbavu, na nilipoandika nilifurahi kukucheka. Sasa sicheki. Nikikumbuka ile keki moyo unaniuma kwa ajili yenu wote wawili.

Buti zako nazirudisha. Nilizificha kwa sababu nilitaka kuzivaa usiku mmoja zaidi. Zinanitosha, Baccio. Nilizivaa nikatembea chumbani, kutoka mlangoni hadi dirishani, huku Dorotea akikoroma. Nilimfikiria yule mtoto wa miaka kumi na moja aliyekwenda kuona kanisa zuri. Angekuwepo mtu wa kumletea nguo za kijani, nani anajua. Nikavua buti, nikalala.

Dada yako,
Betta


Pistoia, 22 Machi

Kwa Ginevra, nyumbani kwa Bi Cassandra, Lucca

Ginevra,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nyingine zilikuwa za matusi na nimezitia motoni, mama yako mdogo Tessa ni shahidi. Nilikuja Lucca wiki iliyopita. Sijui kama waliokuwa dukani walikuambia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiwa nimekuja na watu wawili na kamba, nikamwona msichana anakagua uzi mlangoni kwenye mwanga. Mteja mmoja akaanza kumfokea juu ya bei. Msichana akainua uso, akamtazama tu. Mteja akatoa mkoba, akalipa.

Wale watu wawili niliwapa chakula, tukarudi.

Sijasamehe. Cassandra namshuku bado, na kijana wake mwenye punda namshuku zaidi, mwambie ajue kwamba nauliza habari zake. Tessa amejifungua jana. Ni wa kike. Upanga wa mbao uko ukutani, sijautoa, huenda akautaka.

Nguo za kijani kaa nazo. Jioni nakaa na kulifikiria lile lango, na kuna jambo moja halinitoki kichwani, siwezi kumuuliza mtu mwingine. Ile keki, uliila?

Baba yako,
Baccio